Shajara ya mradi: makrofaji, mayai ya kuku na mishipa ya damu ya uvimbe

Februari, mwanzoni

Naanza hii shajara pembeni ya daftari la lab. Daftari linataka tarehe, joto na ujazo basi, halina nafasi ya kueleza kwa nini nimeamua hivi nikaacha vile, na Prof wangu ana tabia ya kuuliza hilo swali miezi kadhaa baadaye wakati mimi nishasahau.

Mradi ni huu. Uvimbe wa saratani ukifika milimita moja au mbili unakwama, oksijeni inayopenya kutoka kwenye mishipa ya jirani haifiki katikati, kwa hiyo ili uendelee kukua lazima uvute mishipa mipya ya damu iingie ndani. Judah Folkman aliandika hilo mwaka 1971 akiwa Boston, wenzake wengi wakamtilia shaka kwa miaka, leo hii ni kitu unafundishwa semesta ya kwanza. Mimi kinachonivuta ni kilichofuata, nani hasa anaiita hiyo mishipa. Seli za saratani zinaita, sawa, lakini haziko peke yake mule. Uvimbe umejaa seli za kinga, makrofaji, neutrofili, seli masti, seli T, zile zile ambazo ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakwambia kazi yake ni kuulinda mwili. Kumbe nyingi zikishafika pale na kukuta hakuna oksijeni zinaanza kujenga, zinamwaga VEGF, yaani protini inayoita mishipa ya damu, zinakata nyuzinyuzi za tishu ili mishipa ipate pa kupita, na uvimbe unanenepa kwa msaada wa kinga yenyewe.

Swali langu ni dogo kuliko hapo. Makrofaji iliyogeuka kuwa ya kujenga ikimwaga vitu vyake, je mishipa inafuata vile vitu moja kwa moja, au vile vitu vinaita kwanza seli nyingine za kinga na hizo ndo zinaita mishipa? Inasikika kama ubishi wa vijiweni lakini kwa mtu anayetengeneza dawa ni tofauti kubwa, maana kama kuna mtu wa kati basi unaweza kumzuia yeye.

Kwa nini mayai na sio panya: hela. Panya anataka banda, chakula, kibali kirefu na mtu wa kumhudumia wikiendi. Yai la kuku lina utando chini ya ganda ambao kiinitete kinautumia kupumua, una mishipa mingi mno, na ukikata kadirisha kwenye ganda unaiona mishipa ikikua mbele ya macho yako. Wenyewe wanauita CAM. Halafu kinga ya kifaranga umri huo bado changa, hata ukiweka seli za binadamu hazikataliwi. Hapa Morogoro mayai ya kutotolesha yanapatikana kila mtaa, shida ni kupata yenye jogoo kweli.

Nimempata mama mmoja anafuga kienyeji, mwenye jogoo wake na rekodi zake kwenye daftari la shule.

"Shikamoo mama, naomba trei tatu, yawe ya juzi na jana, yasiwe yameingia friji."

"Marahaba mwanangu. Una mashine? Vifaranga ukitotolesha niletee, mimi nanunua."

Ikabidi nimweleze kwamba hawatafika kutotolewa, tunafungua siku ya kumi na mbili, tunasoma mishipa, imeisha. Akanitazama. "Sasa mwanangu, yai zima kwa ajili ya mishipa?" Nikasema ni utafiti wa kansa. "Kansa ya kuku?" Ya watu mama. Akahesabu trei zangu upya, akaniongezea mayai mawili juu na kukataa kabisa hela yake.


Februari, katikati

Mashine ya kutotolea tumeipata kwa mkopo kutoka idara nyingine. Joto 37.5 mpaka 37.8, unyevu kama asilimia 60, mayai yanageuzwa mpaka siku ya kufungua dirisha halafu hayaguswi tena. Nimegundua namba kwenye kioo cha mashine na namba ya kipimajoto changu hazipatani, nimeamini kipimajoto.

Siku ya tatu ndo kazi inaanza. Unamulika yai kwa tochi ya simu kwenye chumba chenye giza, lisilo na mbegu linang'aa tupu, lenye uhai unaona kivuli na vijinyuzi vyekundu vinavyotambaa. Unachora kwa penseli mahali chumba cha hewa kilipo. Kisha unatoboa kwa sindano sehemu nyembamba na kunyonya mililita mbili tatu za ute, ili vilivyo ndani vishuke na utando usije ukagandana na ganda pale juu. Halafu unabandika selotepu juu ya ganda, unakata dirisha kama la sentimita moja na nusu kwa mkasi wenye ncha kali, unaangalia kama moyo unapiga, unaziba. Moyo unaonekana kweli, kadoa kekundu kanaruka ruka, mara ya kwanza nilimwita kila mtu aliyekuwa korido aje kuona, hadi mlinzi.

Tatizo ambalo kila mtu anayefanya hii kazi ameshaonywa ni vumbi. Hata ukiweka selotepu, mkasi unasaga ganda, na chembe nyeupe zinadondoka kwenye utando. Ukirudi siku mbili baadaye pale zilipodondoka utando umekuwa mzito, mweupe mweupe, na mishipa midogo imejaa kuizunguka ile chembe. Yaani hujaweka dawa, hujaweka seli, na mishipa imekuja. Protokali zote zinasema mayai ya hivyo yatupwe. Nayatupa, lakini nimeanza kuyapiga picha kabla, na sina sababu nzuri zaidi ya kwamba yananisumbua kichwani.


Machi, wiki ya kwanza

Seli zimefika! Ni THP-1, ukoo wa seli uliotoka kwa mtoto wa mwaka mmoja huko Japani aliyekuwa na leukemia, uliripotiwa 1980, na tangu hapo zinagawiwa dunia nzima. Zimekaa kwenye barafu kavu safarini na kwenye mizigo muda mrefu kuliko nilivyopenda, kidogo zimekufa, zilizobaki zimeamka.

Zikiwa kwenye chupa zinaelea tu, viduara vidogo. Ukiziwekea kemikali inaitwa PMA kwa siku mbili zinaacha kugawanyika, zinashuka, zinashikamana na sakafu ya chupa na kutoa miguu, hapo tayari ni makrofaji. Baada ya hapo unachagua njia. Ukizipa LPS, yaani kipande cha ukuta wa bakteria, na intafeoni gama, ishara ya kemikali ya kinga, zinakuwa za kupigana, watu wanaziita M1. Ukizipa IL-4, ishara nyingine ya kinga, zinakuwa za kujenga na kuponya, wanaziita M2, na ndo zinazofanana zaidi kidogo na zile za kwenye uvimbe.

Hii M1 na M2 mimi naitumia kwa sababu kila mtu anaitumia, lakini siiamini sana. Ndani ya uvimbe halisi makrofaji hazijapanga mistari miwili, kuna zinazofanya nusu ya hiki na nusu ya kile, kuna zilizokaa ukingoni mwa mshipa na nyingine zimezama kwenye kona isiyo na oksijeni kabisa na tabia zake ni tofauti. Kuna hata kundi la monosaiti, seli changa zinazokuja kuwa makrofaji, zenye kipokezi cha TIE2, kina De Palma na Naldini kule Milano walizielezea kwenye miaka ya 2003 na 2005, zinajibana pembeni ya mishipa inayochipuka, ni chache, lakini ukiziondoa kwa panya mishipa ya uvimbe inadumaa. Hizo utaziita M ngapi?

Kinachotuhusu hapa sio seli zenyewe, ni yale maji zilizoishi ndani yake, tunayavuna, tunayachuja, tunadondoshea kwenye kiduara cha karatasi ya chujio na kukiweka juu ya utando. Sasa mitego iko hapo. PMA yenyewe ikifika kwenye utando inaita mishipa. LPS inawasha inflamesheni, yaani ule moto wa kinga unaoleta wekundu na uvimbe. Seramu ya kulishia seli imejaa vikuzaji, protini za kuchochea seli zikue. Kwa hiyo seli zinaoshwa, zinapumzishwa bila PMA, zinaoshwa tena, na siku ya mwisho zinaishi kwenye maji yasiyo na seramu. Na lazima kuwe na kontroli, yaani kitu cha kulinganishia, ya maji yaliyopitia hatua zote hizo kwenye chupa isiyo na seli hata moja. Ni kontroli inayochosha kuliko zote maana unaosha chupa tupu kwa heshima zote.


Machi, usiku

Umeme umekatika saa mbili usiku, umerudi alfajiri. Jenereta iliwaka ikazima, mzee anayeihudumia kasema dizeli ilikuwa na maji. Mayai tumeyafunika blanketi na chupa za maji moto, mayai ni mavumilivu, kupoa masaa machache sio mwisho. Seli ndo nyonge. Chupa za M1 zote zimeenda, M2 nusu. Narudia.


Machi, mwishoni

Wakati seli zinakua nimekuwa nasoma, na naweka hapa yale yatakayoingia kwenye utangulizi wa tasnifu ili nisije nikaanza upya.

Ushahidi wa makrofaji ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1977 kina Polverini waliweka makrofaji zilizoamshwa kwenye konea ya simbilisi, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Konea haina mishipa kabisa, kwa hiyo mshipa wowote utakaouona pale ni mgeni. Na iliingia. Kisha 2006 kundi la Jeffrey Pollard, Elaine Lin akiwa mwandishi wa kwanza, wakatumia panya wanaopata saratani ya matiti kwa hatua zinazojulikana, panya wasio na CSF-1 ambayo ndo inaita makrofaji. Mishipa ikachelewa kuongezeka. Wakigeuza, yaani wakiziita makrofaji mapema kabla ya wakati wake, mishipa inaongezeka hata uvimbe bado haujawa mbaya. Hiyo ya pili ndo iliyonishika, maana inaonyesha makrofaji haikuja kwa sababu mishipa ipo.

Neutrofili nazo zina kesi yao. Zinabeba kimeng'enya MMP-9, kinachokata tishu na kuifungua VEGF iliyokuwa imenaswa kwenye nyuzi, na seli nyingine nyingi zinapokitoa zinakitoa kikiwa kimeambatana na TIMP-1 inayokizuia. Neutrofili haina hiyo TIMP-1. Inamwaga MMP-9 isiyo na kizuizi. Kundi la James Quigley kule Scripps, California lilionyesha hivyo mwaka 2007, na walitumia nini? Mayai ya kuku. Seli masti ziko kwenye orodha pia, maabara ya Folkman iliona tangu 1976 kwamba zinakusanyika kwenye uvimbe kabla mishipa haijafika.

Upande wa pili usisahaulike, kinga pia inaweza kufunga bomba. Seli T zikimwaga intafeoni gama, zinaamsha protini za CXCL9 na CXCL10 ambazo zinazuia mishipa kuchipuka. Na kuna mshangao wa 2008, kina Stockmann walifuta VEGF kwenye makrofaji na ndugu zake tu, wakitegemea uvimbe udumae. Mishipa ikawa michache na yenye mpangilio mzuri, isiyovuja hovyo, na uvimbe ukakua haraka zaidi. Ila huo huo ukawa unasikia dawa za kemo vizuri zaidi. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha sijaigeuza.

Hapo ndo unaelewa kwa nini dawa zimekuwa na safari ngumu. Bevasizumabu inayokamata VEGF iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, ikasaidia, lakini haikuwa ule mwisho wa saratani uliotangazwa, uvimbe unapata njia nyingine na seli za kinga ni moja ya njia hizo. Halafu 2020 ikaja kuunganishwa na atezolizumabu, dawa ya kuifungulia kinga, kwa saratani ya ini, na wagonjwa wakaishi muda mrefu kuliko waliotumia dawa ya zamani. Maelezo yanayotolewa ni kwamba VEGF ikipungua mishipa inatulia na seli T zinapata pa kuingilia. Saratani ya ini kwetu huku na hepataitisi B yake sio habari ya mbali, bei ya hizo dawa ndo iko mbali.

Na Kaposi. Mtu akiniuliza hapa Afrika Mashariki inatuhusu nini namwonyesha Kaposi, saratani ambayo yenyewe imetengenezwa na mishipa isiyo na adabu, kirusi chake HHV-8 kiligunduliwa 1994, na ukiikata unakuta imejaa seli za inflamesheni. Madaktari wetu wameiona kwa wingi sana wakati UKIMWI ulipokuwa hauna dawa. Sio mradi wangu lakini ingekuwa ni mimi ninayegawa hela za utafiti ningezipeleka huko.


Aprili, kikao na Prof

Nimempelekea zile picha za mayai yenye vumbi. Nilitaka kuingiza vumbi kwenye mradi rasmi.

"Vumbi sio tritimenti kijana, vumbi ni uchafu."

Nikamwambia Prof, uchafu huu unafanya kazi ile ile tunayoitafuta. Hakuna uvimbe pale, hakuna VEGF niliyoweka, kuna kitu kigeni kimeangukia tishu, seli za kinga zikaja, mishipa ikafuata. Harold Dvorak aliandika 1986 kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona, na mimi nina kidonda kidogo cha kila siku kwenye trei yangu natakiwa nikitupe ili takwimu ziwe safi. Tena kina Quigley 2006 walishaonyesha kwamba kwenye utando huu huu seli za kifaranga zinazofanana na neutrofili, zinaitwa heterofili, zinaingia kabla ya mishipa, na ukitumia dawa za kutuliza inflamesheni kama kotisoni au ibuprofeni seli zinapungua na mishipa inapungua.

Akakaa kimya, akavua miwani. Akasema sawa, lakini vumbi litapimwa. Ganda lioshwe, lipikwe kwenye otoklevu, lisagwe, lichekechwe, na kila yai lipate kiasi kile kile kwa miligramu. "Na haidrokotisoni uiweke kote kote, isiwe kwa vumbi peke yake."

Kwa hiyo makundi sasa ni: maji ya chumvi, maji ya chupa tupu, VEGF safi, maji ya M1, maji ya M2, vumbi lililopimwa, halafu kila moja lina pacha wake mwenye haidrokotisoni. Mayai yanayohitajika yameongezeka mara mbili na bajeti haijaongezeka.


Aprili, masika

Mvua haikatiki, Uluguru haionekani wiki nzima. Unyevu kwenye mashine unapanda wenyewe bila kuweka maji, na ukungu umeingia kwenye baadhi ya madirisha, unafungua unakuta manyoya ya kijivu. Selotepu ya bei rahisi haishiki ganda lenye jasho. Nimehamia plasta ya hospitali ya uwazi, ghali lakini inashika. Kabla ya kufungua sasa nafuta ganda kwa spiriti na kusubiri likauke kabisa, ukiwa na haraka spiriti inapenya kwenye vitundu vya ganda na kiinitete kinakufa kimya kimya, unagundua kesho yake.

Raundi kubwa imeanza. Kiduara kinawekwa siku ya nane, kinasomwa siku ya kumi na mbili. Ukiweka mapema mno utando haujatandaa, ukichelewa mishipa inakuwa ishapunguza kasi ya kukua yenyewe na hutaona tofauti.

Nieleze unachokiona maana picha za simu hazitendi haki. Kwenye yai la maji ya chumvi, kiduara cheupe kimekaa na mishipa inapita chini yake kwa njia zake kama vile hakipo, inatoka kushoto kwenda kulia, haijali. Kwenye yai la VEGF mishipa imepinda. Mikubwa ya pembeni imetoa matawi ya upande mmoja tu, ule unaotazama kiduara, na matawi yanakuja kutoka kila upande yakikutana katikati kama spoku za baiskeli. Ukiona spoku hata bila hesabu unajua. Ila jicho linadanganya kwa hiyo hesabu lazima.


Mei, wiki ya kwanza

Kuhesabu. Dada wa maabara kafunika majina ya makundi yote na kuyapa herufi, mimi na mwenzangu mmoja tunahesabu kila mtu peke yake kwenye Fiji, programu ya kompyuta ya kupima picha, mishipa yote inayokata duara tulilolichora kuzunguka karatasi. Mwenzangu anahesabu hata vile vijinyuzi ambavyo mimi naona ni kivuli. Tumekaa chini tukakubaliana mshipa ni nini, tukaanza upya, sasa namba zetu zinakaribiana. Macho yanauma, na mwenzangu ana mtindo wa kuimba akihesabu ambao utanifukuzisha kwenye hicho chumba.


Mei, katikati

Majina yamefunuliwa. Takwimu rasmi bado ziko kwa mtu wa takwimu kwa hiyo naandika mwelekeo tu, sio namba.

Maji ya chumvi na chupa tupu, hakuna kitu, afadhali, maana yake ile kazi ya kuosha PMA haikuwa bure. VEGF imeita mishipa kama ilivyotegemewa. Maji ya M2 yameita mishipa waziwazi, spoku nzuri kabisa. M1 ni vurugu, yai hili mishipa imeongezeka, lile kuna damu imevuja chini ya kiduara, jingine hakuna kitu, na nina wasiwasi kwamba LPS haikutoka yote. M1 sitaisimamia mbele za watu.

Vumbi lililopimwa limeita mishipa, na ukiniwekea picha za vumbi na za M2 bila majina kuna ambazo siwezi kuzitenganisha. Tofauti ni kwamba kwenye vumbi utando unakuwa mzito zaidi.

Sasa pacha wenye haidrokotisoni. Vumbi limenyamaza, karibu na maji ya chumvi. M2 imepungua lakini haijafika chini, imebaki katikati. VEGF imepungua kidogo tu.

Nilivyosoma mara ya kwanza nilitaka kuruka. Ukiichukua kirahisi inasema vumbi linategemea seli za kinga za kifaranga kwa kila kitu, VEGF inaongea na mshipa moja kwa moja zaidi, na M2 inafanya yote mawili, sehemu inaita mishipa yenyewe na sehemu inaita wenzake waje kuita. Ndo jibu la swali langu la Februari kabisa, yaani mtu wa kati yupo ila sio peke yake.

Prof kaisoma meseji usiku, kajibu mstari mmoja: Folkman 1983. Nikajua anachosema kabla sijafungua. Mwaka huo Folkman huyo huyo na wenzake walionyesha kwamba kotisoni ikiwa pamoja na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inazuia mishipa yenyewe kuchipuka, na walionyesha kwenye mayai. Yaani haidrokotisoni yangu inaweza kuwa imenyamazisha mishipa bila kupitia seli za kinga kabisa. Na ibuprofeni nayo hainiokoi, inazuia prostaglandini ambazo zenyewe zinaita mishipa. VEGF kupungua kidogo tu ni hoja upande wangu, kama dawa ingekuwa inaziba mishipa moja kwa moja ingeiziba na ya VEGF pia. Lakini ni hoja, haitoshi kusimamia tasnifu.


Mei, mwishoni

Kwa hiyo tumehamia kwenye slaidi. Kama siwezi kuamini dawa niangalie nani amefika kwanza. Tumetenga mayai mengine ya maji ya chumvi, M2 na vumbi, tukavuna utando siku moja baada ya kuweka kiduara na mengine siku tatu baada, fomalini, nta, tukakata, tukapaka rangi ya kawaida ya H&E.

Mtu aliyezoea slaidi za binadamu achukue muda. Chembe nyekundu za damu za kuku zina kiini, kila moja ni yai dogo lenye doa la zambarau katikati, kwa hiyo mshipa mdogo uliojaa damu ukiutazama haraka unafanana na kundi la seli za kinga. Dada wa histolojia ndo kanifundisha kutazama kwanza ukuta wa mshipa halafu ndo kilichomo. Heterofili ukishaijua huipotezi, ndani imejaa vijipunje virefu vyekundu vya rangi ya matofali na kiini kimegawanyika vipande. Haina haja ya antibodi, rangi ya elfu chache inaitosha.

Siku ya kwanza chini ya M2 heterofili zimejaa, ziko nje ya mishipa, zimetawanyika kwenye tishu laini kuelekea karatasi, na mishipa bado iko vile vile kama ya maji ya chumvi. Vumbi hivyo hivyo, zaidi hata. Maji ya chumvi ni moja moja za kutafuta. Siku ya tatu heterofili zimepungua, zimekuja seli kubwa zenye kiini kimoja ambazo nadhani ni monosaiti na makrofaji za kifaranga mwenyewe, na hapo ndo mishipa midogo imejaa. Kina Quigley mwaka 2004 walishaikuta MMP-13, kimeng'enya kingine cha kukata tishu, kwenye monosaiti za hivyo hivyo kwenye utando wa CAM kwa hiyo sio ajabu, ila kwangu ni mara ya kwanza kuiona ratiba nzima kwenye sahani moja, maji ya makrofaji ya binadamu yameingia, seli za kuku zimeitikia, mishipa imekuja ya mwisho.

Bado mtu anaweza kusema kufika kwanza sio kusababisha, na yuko sahihi. Prof anataka nirudishe heterofili kwa makusudi, yaani yai la M2 lenye haidrokotisoni liongezewe IL-8 ambayo inaziita, tuone kama mishipa inarudi. Ikirudi basi dawa haikuwa imeziba mishipa, ilikuwa imezuia wageni mlangoni. Kina Quigley walifanya hivyo kwa vikuzaji, hatujaona aliyefanya kwa maji ya makrofaji. IL-8 nimeiomba kwa kundi lililotupa seli, wamesema wanayo kidogo, wanatuma na mtu anayepanda ndege wiki ijayo. Nahitaji kuwahi kabla mashine ya watu haijadaiwa.